Percy Shaw, Mtu Aliyeipa Barabara Macho

Kila asafiriye usiku kutoka Kampala kwenda Masaka ayajua mambo haya. Mji ukisha kuachwa nyuma, taa za njiani huisha, na gari hubaki peke yake na taa zake mbili. Mbele huonekana kipande kifupi cha lami, na baada ya hapo ni giza tupu. Gari likifika kwenye kinamasi cha Lwera wakati wa mvua, lami nyeusi na maji meusi hufanana. Na lori likitokea mbele limewasha taa kali, dereva huwa kama mtu aliyefumbwa macho kwa kitambaa. Wengi wakipatwa na shida hiyo hufikiri dawa ni moja tu, nayo ni kununua taa kali zaidi.

Leo twataka kuwasimulia wasomaji wetu maisha ya mtu mmoja aliyeitazama shida hiyo hiyo, akapata dawa nyingine. Hakuwa mhandisi wa motokaa, wala hakufika chuo kikuu. Aliacha shule akiwa na umri wa miaka 13. Hata hivyo yasemekana ni watu wachache sana duniani ambao kazi ya mikono yao imeokoa maisha ya wasafiri wa usiku kama yeye. Jina lake ni Percy Shaw.

Percy Shaw alizaliwa tarehe 15 Aprili 1890 katika mji wa Halifax, jimbo la Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza. Mji huo umezungukwa na vilima, na zamani zile ulikuwa mji wa viwanda vya nguo na mazulia. Baba yake, James Shaw, alikuwa kibarua katika kiwanda cha kutia nguo rangi. Mshahara wake ulikuwa mdogo, na watoto walikuwa wengi. Percy alipokuwa na miaka miwili jamaa yao ilihamia kwenye nyumba moja kubwa kuukuu mahali paitwapo Boothtown, karibu na Halifax. Katika nyumba hiyo Percy alikaa karibu maisha yake yote, akafia humo humo.

Alisoma katika shule ya hapo Boothtown. Siku zile mtoto wa maskini hakungoja mpaka awe mtu mzima ndipo atafute kazi, na Percy alipotimiza miaka 13 aliingia kiwandani kuwa kibarua. Lakini hakukubali kwamba kuacha shule ni kuacha kusoma. Jioni, baada ya kazi, alikwenda kwenye masomo ya usiku akajifunza hati mkato na kuweka vitabu vya hesabu. Baadaye alijaribu kujifunza kazi ya kuvuta nyaya za chuma, akaiacha kwa sababu malipo yalikuwa haba mno. Alikwenda huku na huku katika viwanda vya mashine, leo hapa, kesho pale, wala hakupata cheo. Alichopata ni ujuzi. Alijua chuma kinavyoyeyushwa na kumiminwa, alijua mashine inavyofunguliwa na kufungwa, na alijua bei ya kila kitu. Wakati wa Vita Kuu ya kwanza alifanya kazi pamoja na baba yake ya kutengeneza mashine ndogo ndogo za viwandani.

Alipofikia miaka 40, yaani karibu na mwaka 1930, Shaw alianza kazi yake mwenyewe, kazi ya barabara. Alitia lami vijia vya kuingilia nyumbani na nyua za watu. Aliona kwamba kushindilia lami kwa mikono kunachosha na kunapoteza wakati, basi akajiundia mashine ndogo ya kushindilia. Hivi ndivyo alivyokuwa: akikutana na kazi ngumu, hakulalamika juu yake, aliishika akaigeuza-geuza mpaka aone mahali pa kuirahisishia. Tena mtu wa kazi hii huinama siku nzima akiitazama barabara kwa karibu. Dereva huiona barabara inayopita chini yake kwa kasi. Shaw aliijua kwa vidole vyake.

Sasa yafaa tueleze hali ya taa za motokaa kwa siku zile. Motokaa za kwanza zilitumia taa za mafuta na za gesi, na baadaye zikaja taa za umeme. Mpaka miaka ya 1930 taa hizo zilikuwa hafifu sana zikilinganishwa na za leo. Taa za halojeni zilianza kutumiwa katika magari ya Ulaya mwaka 1962. Zile za zenoni zilikuja mwaka 1991. Na taa za LED za kuangazia njia zilifungwa kiwandani katika gari la kuuzwa kwa watu mara ya kwanza mwaka 2007. Shaw hakuwa na hata moja ya hizo. Aliendesha gari katika vilima vya Yorkshire, penye kona kali na mabonde marefu, na penye ukungu mzito ambao ndugu zetu wa Kabale watauelewa bila kuelezwa zaidi.

Katika ukungu taa kali haimsaidii dereva, humdhuru. Ukungu ni vijitone vidogo vya maji visivyohesabika, na kila kimoja hurudisha nuru kidogo. Ukiongeza nguvu ya taa, unaongeza weupe ulio mbele ya macho yako, wala huoni njia. Madereva wa Halifax walikuwa na ujanja wao. Katika barabara zile zilipita reli za tramu, ambazo kwa kusuguliwa na magurudumu kila siku zilikuwa ziking'aa kama fedha. Dereva alizifuata reli hizo, naye akijua kwamba maadamu zang'aa mbele yake hajatoka njiani. Basi ikatokea kwamba mahali pengine reli ziling'olewa, na madereva wakapotelewa na kiongozi wao.

Usiku mmoja wa mwaka 1933 Shaw alikuwa akirudi nyumbani kwa gari kwa njia ya Queensbury, iliyo kati ya Bradford na Halifax. Njia hiyo ina mteremko mkali, na upande mmoja ni bonde. Ukungu ulikuwa umetanda. Wasimulizi wengi husema kwamba ghafula aliona vitu viwili vinamulika mbele yake, navyo vilikuwa macho ya paka aliyekaa juu ya ua kando ya barabara. Kwa kuyaona macho yale akatambua kwamba ameacha njia yake, na kwamba akiendelea kidogo tu ataporomoka bondeni. Wengine husema si paka, bali ni zile reli za tramu zilizomtia wazo. Na wengine husema ni vioo vya kung'aa vilivyokuwa kwenye mabango ya barabarani. Shaw mwenyewe katika maisha yake aliisimulia habari hii kwa namna zaidi ya moja. Lolote lililotangulia, wazo lililobaki kichwani mwake lilikuwa moja: kama barabara ingekuwa na macho, dereva asingepotea.

Hapa msomaji aulize, je, jicho la paka lina taa ndani yake? La. Nyuma ya jicho la paka kuna utando unaorudisha nuru iliyoingia. Nuru itokayo kwenye taa ya gari huingia jichoni, hugonga utando ule, hurudi ilikotoka. Kwa kuwa dereva ameketi karibu na taa zake, yeye ndiye aionaye. Hili ni jambo la maana sana, kwa sababu lami haifanyi hivyo. Lami kavu hutawanya nuru huku na huku, na ni sehemu ndogo tu imrudiayo dereva. Lami iliyolowa maji ni mbaya zaidi: huwa kama kioo, huitupa nuru mbele, ikaenda kumwumiza yule ajaye badala ya kumsaidia mwenyewe. Tena ukitaka kuangaza kitu kilicho mbali mara mbili kwa mwanga ule ule, taa yako yapaswa iwe na nguvu mara nne. Mtu akishindana na giza kwa nguvu ya taa peke yake atatumia fedha nyingi na faida yake itakuwa ndogo. Shaw aliona kwamba nuru haikosekani, inapotea. Kazi ni kuirudisha.

Haki itolewe kwa kila mwenye haki yake. Shaw hakuwa wa kwanza kutengeneza lenzi ya kurudisha nuru. Mwingereza mwingine, Richard Hollins Murray, ambaye kazi yake ilikuwa uhasibu, alikwisha kuiandikisha lenzi ya namna hiyo mwaka 1927 kwa ajili ya mabango, na Shaw alijifunza kwake. Lakini bango husimama juu kando ya njia, mahali pasipo na gurudumu wala matope. Kuiweka lenzi katikati ya barabara, pakapita juu yake malori mchana na usiku, mvua, theluji na vumbi, nayo isivunjike wala isichafuke, hilo lilikuwa fumbo ambalo halijafumbuliwa.

Shaw alishinda katika kulifumbua akijaribu na kuharibu, akijaribu tena. Mwishowe alipata chombo chenye sehemu mbili. Ya chini ni kiatu cha chuma kizito kinachozikwa katika barabara. Ndani yake kimewekwa kipande cha mpira mgumu, na katika mpira huo zimo lenzi nne za kioo, mbili zikitazama huku na mbili zikitazama kule. Gurudumu likipita juu, mpira hubonyea, lenzi zikazama chini ya usawa wa barabara, zisivunjwe. Wakati huo huo ukingo wa mpira huzifuta lenzi, kama vile kope linavyolifuta jicho. Chuma kina shimo dogo linalohifadhi maji ya mvua, na maji hayo huzisafisha lenzi kila zinapobonyezwa. Yaani kila gari lipitalo huwa linamsafishia njia dereva wa gari lifuatalo, wala halijui. Mfanyakazi mwenye ndoo na kitambaa hahitajiwi.

Mwaka 1934 Shaw alipata hati ya serikali ya kuulinda uvumbuzi wake, na katika mwaka huo huo vyombo vya kwanza vikatiwa barabarani karibu na Bradford. Mwezi Machi 1935 alianzisha kampuni iitwayo Reflecting Roadstuds Limited hapo Boothtown. Mtu angedhani kwamba sasa mali ingemiminika. Haikuwa hivyo. Wakuu wa barabara walikuwa wagumu kununua kitu kigeni kilichotengenezwa na mtia lami asiye na shahada, na kwa muda wa miaka kadhaa biashara ilikwenda kwa kusuasua. Mwaka 1937 Wizara ya Uchukuzi ya Uingereza iliamua kushindanisha vyombo vya watengenezaji mbalimbali. Vilitiwa katika barabara moja kuu, vikaachwa vipitiwe na magari. Baada ya miaka miwili vilipokaguliwa, vile vya Shaw ndivyo vilivyokuwa bado vinafanya kazi vizuri.

Kisha ikaja vita. Septemba 1939 Uingereza iliingia katika Vita Kuu ya pili, na serikali ikaamuru kwamba usiku pasiwe na nuru yoyote itakayowaonyesha marubani wa adui mahali miji ilipo. Taa za njiani zilizimwa. Taa za motokaa zilifunikwa kwa vifuniko vyenye nyufa nyembamba tu. Ajali zikazidi mara moja, na watu wengi wakafa barabarani kwa kugongwa gizani, wasiofika hata kuliona bomu. Hapo ndipo faida ya kazi ya Shaw ilipodhihirika kwa wote. Chombo chake hakitoi nuru yake chenyewe. Mwanga mdogo wa taa iliyofunikwa ulitosha kukiamsha, na kwa kuwa nuru yake hurudi kule ilikotoka, haikupanda angani kwa adui. Lile jambo lililoonekana udhaifu, yaani kutokuwa na taa ndani, likawa ndiyo nguvu yake.

Baada ya vita, mwaka 1947, James Callaghan, ambaye wakati huo alikuwa msaidizi wa Waziri wa Uchukuzi, alisaidia sana vyombo hivyo kuenea katika barabara za nchi nzima. Callaghan huyo ndiye aliyekuja kuwa Waziri Mkuu wa Uingereza mwaka 1976. Kiwanda cha Boothtown kikakua mpaka kikawa kinatengeneza zaidi ya milioni moja kwa mwaka, na vingine vikauzwa nchi za ng'ambo. Mwaka 1965 Malkia alimtunukia Shaw nishani ya OBE.

Shaw akawa tajiri, lakini tabia zake hazikubadilika sana. Hakuoa. Alibaki katika nyumba ile ile ya Boothtown aliyoletwa akiwa mtoto wa miaka miwili. Hakuweka mazulia wala mapazia, ijapokuwa Halifax ni mji wa mazulia. Watu walipenda kusimulia kwamba sebuleni mwake zilikuwapo televisheni nne, zote zikiwashwa pamoja bila sauti, kila moja na habari zake. Starehe yake moja kubwa ilikuwa motokaa ya Rolls-Royce. Alifariki dunia nyumbani kwake tarehe 1 Septemba 1976, akiwa na umri wa miaka 86.

Katika barabara zetu za Uganda vyombo vingi vya kurudisha nuru tuvionavyo siku hizi ni vya plastiki au vya alumini, vimebandikwa juu ya lami. Ni wajukuu wa wazo lile lile, lakini havina mpira wa kujifuta. Vumbi letu jekundu likivikalia huwa vipofu mpaka mvua iviogeshe au mtu avifute. Tukumbuke hilo tunapoviona vimezimika: pengine havikufa, vimechafuka tu.

Na je, mwenye gari hapa Kampala ajifunze nini katika maisha ya mtu huyu? Ajifunze kwanza kuuliza nuru yake inapotelea wapi, kabla hajanunua nyingine. Magari yetu mengi yametoka Japani yakiwa yametumika, na vifuniko vya plastiki vya taa zake vimeungua kwa jua vikawa vya manjano na ukungu. Kuving'arisha au kuvibadili huleta faida kubwa kuliko kutia balbu kali nyuma ya plastiki chafu. Nyaya zilizochakaa na viungo vyenye kutu hula umeme kabla haujafika kwenye balbu. Taa iliyopinda huangaza miti, au macho ya watu. Balbu ya LED ikitiwa ndani ya taa iliyoundwa kwa ajili ya halojeni, mara nyingi nuru yake hutawanyika ovyo. Dereva huona weupe karibu na bampa akafurahi, kumbe ajaye mbele yake ameachwa kipofu. Na gari lililotengenezwa kwa nchi zinazoendesha upande wa kulia lina taa zinazoelekezwa upande wa kulia, ambao kwetu ndio upande wa mwenzako ajaye. Hilo ni la kurekebishwa kabla ya safari.

Tena taa iwe nzuri namna gani, mwendo ndio hakimu. Gari liendalo kilomita 80 kwa saa hukata meta 22 kila sekunde. Kitabu cha sheria za barabara cha Uingereza husema kwamba kwa mwendo huo, penye lami kavu, gari huhitaji meta 53 ili lisimame. Taa zikiwa zimeshushwa, mtu aliyevaa nguo nyeusi pengine hataonekana mapema kiasi hicho. Mwenye boda boda isiyo na taa ya nyuma, na mwanafunzi aendaye shule kabla ya mapambazuko, wote wamo katika hesabu hiyo. Kipande kidogo cha kitambaa cha kurudisha nuru kilichoshonwa kwenye begi la mtoto hufanya kazi ile ile ya macho ya paka wa Queensbury, nacho bei yake ni ndogo.

Wazee wetu husema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Wakubwa wengi wenye elimu kumpita Percy Shaw walipita katika barabara zile zile, usiku ule ule, katika ukungu ule ule, wakitazama mbele na kulaumu taa zao. Yeye alikuwa amezoea kuinama. Ninyi wanafunzi mnaosoma somo la nuru katika fizikia, mkifika kwenye sura ya kuakisi, msidhani ni habari ya mtihani tu. Na ninyi mliotutangulia, ambao sasa mna magari yenu na mnayapita Masaka na Jinja usiku, mkiona nukta zile zimejipanga mbele yenu katika mvua, mtajua sasa ni nani aliyezifikiri, na kwamba nuru mnayoiona ni yenu wenyewe, imerudishwa.